Chai Ambayo Sikuionja

Kasongo, Jumanne, jua likiwa bado juu ya paa la jirani

Zaina mwanangu,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako, nami nimefunga mlango kwa komeo mchana kweupe, jambo ambalo majirani wameshaliona na wameshaanza kulitafutia maana. Wacha watafute. Mama Riziki wa ng'ambo ya njia amepita dirishani mara mbili akijifanya anatafuta kuku wake. Kuku gani? Yule mama hana kuku tangu mvua za mwaka jana. Anataka kujua ninaandika nini na ninamwandikia nani.

Ninakuandikia kwa sababu mdomo wangu unaujua. Nikianza kusema nawe uso kwa uso nitaanza na chandarua, nitahamia kwenye viatu, na mwisho tutagombana juu ya begi. Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha unayajua, wewe sasa ni mwalimu, utawafundisha watoto wa watu huko Salamabila. Yule kijana wa pikipiki atakayekuja kukuchukua kesho, macho yake sikuyapenda. Anacheka kabla hujamaliza neno. Lakini ni shangazi yako aliyemtuma, kwa hiyo hata angekuwa na macho ya malaika nisingeyapenda. Tuyaache.

Neno langu ni moja tu. Tangu tumzike bibi yako, hujakunywa chai kutoka mkononi mwangu.

Usiruke, usiseme "Aa, Mama naye!" Nimekuona. Unangoja mpaka mimi nimeze ndipo ushike kikombe. Unainuka mwenyewe kwenda kumimina kutoka kwenye termosi, wakati zamani ulikuwa unaita "Mama, chai!" ukiwa bado umelala. Juzi nilikupa uji ukasema umeshiba, na tumbo lako likalia tukalisikia sote wawili, kila mtu akatazama upande wake. Unajua mimi ni mtu wa kushuku. Nashuku hata mvua ikinyesha upande mmoja wa njia. Lakini hii si shuku, hii nimeiona kwa macho: mtoto niliyemzaa ananiogopa. Na kesho unakwenda kuishi kwa Mwavita, dada ya baba yako, yule aliyesimama kwenye kilio cha mama yake, mbele ya watu wote, akauliza alichouliza. Huko utakula chakula chake na maneno yake kila siku. Kabla maneno yake hayajakushibisha, pokea yangu.

Nianze mbali kidogo. Mimi niliolewa hapa nikitoka Kabambare, binti wa Wabangubangu, Wakatoliki, nikaingia kwenye nyumba ya Waislamu wa Kasongo ambao hata salamu zao zilikuwa zimepigwa pasi. Asubuhi ya kuondoka, mama yangu alinivuta nyuma ya jiko. Hakunibariki kwanza. Alinishika kidevu akasema, "Watakupokea na mikono mbili. Wewe angalia ile mikono. Mutu akikupa kinywaji, aonje yeye kwanza mbele yako. Kitu hajaonja, usimeze. Asiyeonja iko na sababu." Nilitoka kwetu na sufuria, mkeka, vikwembe vyangu vya kujifunga, na hilo neno. Sufuria zilitoboka, mkeka uliliwa na mchwa. Neno bado ninalo.

Sasa bibi yako. Wewe ulimjua akiwa mzee, mgongo umeanza kuinama, na bado ulimwona mzuri. Ungemwona wakati ule! Mrefu, shingo ndefu, kikwembe kimefungwa hivi kwamba hakuna mkunjo uliolala vibaya. Msimu wa mvua sisi wote tulirudi sokoni na matope hadi magotini. Yeye alirudi na pindo safi, na hakuna aliyejua alikuwa akikanyaga wapi. Wanaume waliosukuma baiskeli zenye magunia ya mchele walikuwa wanaziegemeza pembeni apite. Alipiga pasi ya makaa hata kitambaa cha kufunika mikate. Mwavuli wake mweusi alitoka nao hata siku ya mawingu, na siku niliyothubutu kumuuliza alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo. "Mwavuli si wa jua," akasema. "Mwavuli ni wa watu."

Sauti yake haikupanda hata siku moja. Samaki wa Nyangwe alimgusa kwa ncha ya kidole, akainusa, akamrudishia mwuzaji bila neno, na mwuzaji akaona aibu mwenyewe. Akikupenda hujui, akikuchukia hujui. Na mimi, mtoto wa watu wanaopiga kelele hata wakisali, nikajiambia: mtu mzuri hivi kuna kitu anaficha. Nilimshuku kwa sababu ya uzuri wake, mwanangu. Angekuwa mama wa makelele na kikwembe kilichochanika, ningemwamini siku ya kwanza.

Kila asubuhi aliniletea chai yeye mwenyewe, kwenye kile kikombe cha bati chenye ua jekundu unachokijua. Chai ya mchaichai, sukari nyingi, juu ya sinia, na kitambaa. Hakuonja. Alikuwa ananiletea kama mtoto wake, na nani anamwonjea mtoto wake? Lakini mimi sikusoma hivyo. Nilipokea kwa magoti, nikashukuru, nikangoja nyayo zake ziende, kisha nikatoka nyuma ya jiko nikamwaga chini ya mpapai. Kila siku pale pale. Nilijiona mwerevu kweli.

Sukari, Zaina! Sikufikiri habari ya sukari. Sisimizi walijua kabla yangu. Siku moja natoka na kikombe changu namkuta bibi yako amesimama pale chini ya mpapai, amevaa nguo za kwenda sokoni, mwavuli umefunguliwa, anatazama chini. Msafara wa sisimizi ulitoka ukutani ukafika kwenye shina, mnene kama kamba ya kuteka maji. Niliganda na kikombe mkononi.

"Sisimizi ya nyumba hii iko na bahati," akasema. "Inakunywa chai mbele ya bibi-harusi."

Basi. Akafunga mwavuli, akaenda zake. Siku nzima nilingoja aniseme kwa baba yako, aniseme kwa majirani, anirudishe kwetu. Hakumwambia mtu. Kesho yake alikuja na sinia, akakaa mbele yangu, akainua kikombe, akanywa tone dogo, akapangusa pale alipogusa kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akageuza mkono wa kikombe unielekee mimi. Halafu akanitazama. Mama mkwe, mtu wa heshima zake, anamwonjea msichana wa Kabambare kama anavyomwonjea mgeni asiyemjua! Na alifanya hivyo kila asubuhi, hata wageni wakiwepo, hata wanawake wakichekea kwenye viganja. Ningekuwa na akili ningemwambia aache. Sikumwambia. Nilikunywa, na nilikuwa namhesabia makosa mengine.

Maana shuku haishibi. Mimba yangu ya kwanza ilipotoka, nilisema moyoni: ni yeye. Ile chai niliyoiona akiionja kwa macho yangu! Nikajitungia kwamba ana dawa yake ya kujikinga, anakunywa sumu haimdhuru. Hebu sikia akili hiyo. Nilimwambia baba yako. Alichukua baiskeli akaenda Nyangwe kununua samaki, na aliporudi hakuwa tena na uso wa kumwangalia mama yake. Nilikaa katikati ya mtu na mama yake mzazi, na ushahidi wangu ulikuwa shingo ndefu na sauti ndogo.

Nilipobeba mimba yako nilificha hadi ikakataa kufichika, nikakimbilia kwa mama yangu Kabambare. Nilikuzalia huko. Bado hujaanza kukaa, watu wa silaha wakaingia, tukatoka na nguo za mwilini. Usije ukadhani ninakuambia shuku ni ugonjwa. Njiani kulikuwa na mwanaume mpole sana, aliyesema anajua njia ya mkato. Wenzetu wengi walimfuata. Mimi nilitazama viatu vyake, vilikuwa vizuri mno kwa mtu anayekimbia, nikakataa. Wale wenzetu sikuwaona tena. Kwa hiyo shuku yangu ndiyo iliyokufikisha hapa, na sitaitukana.

Nilifika kwa bibi yako miguu imevimba, wewe mgongoni umenyamaza vibaya. Alikuwa uani. Kwa mara ya kwanza nilimwona akikimbia, na kikwembe chake kilifunguka akakikamata kwa mkono mmoja. Akakutoa mgongoni. Akaleta uji. Na mimi ambaye siku ile ningekunywa hata maji ya mto, nilimwona akikaa mbele yangu, akiinua kile kikombe chenye ua, aonje kwanza.

"Mama, acha," nikamwambia. Nililia. "Acha, leta tu."

"Nimeacha," akasema, akanipa. Akaningoja nimalize. Halafu akasema kwa ile sauti yake, "Mimi pia nilikuwa namwaga ya mama mukwe yangu. Wewe ulimwaga vibaya tu. Chai ya sukari, mutu anamwaga kwa mchanga, mbali na nyumba. Kwenu hawakukufundisha?"

Nilicheka hadi uji ukanipalia. Toka siku ile hatukuonjeana tena. Wageni aliwaonjea, ndugu aliwaonjea, hata imamu alimwonjea. Mimi na yeye, hapana. Na jina lake, Zaina, nikalitoa kwenye mdomo wangu mwenyewe, nikakupa wewe badala ya lile la Kabambare.

Sasa nifike pale ulipokuwa umesimama.

Ulikuwa mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Bibi yako alikuwa kitandani, amedhoofu, lakini hina mkononi mbichi, kwa maana alitaka Mwavita amkute amependeza. Mwavita alikuwa amefika jana yake kutoka Salamabila, vumbi la njia nzima kichwani. Alimpikia mama yake mchuzi wa samaki, akauonja mbele yetu sote kama inavyotakiwa, akapeleka kijiko. Bibi yako akafunga mdomo. Akageukia ukuta. Mwavita akasema, "Mama, ni mimi." Akapeleka tena. Hapana. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda chumvi, labda tumbo, labda kuna jambo la mama na mtoto wake ambalo mimi mgeni sikuambiwa. Nimelishuku kila upande na sijapata mlango wake.

Ndipo nikaleta chai. Kwa sababu Mwavita alikuwa ananitazama, niliinua kikombe nionje kwanza. Bibi yako akatoa mkono kwenye shuka, ule wenye hina, akaufunika mdomo wa kikombe. Akasema, "Usionje. Leta."

Alisema chini, kama alivyosema kila kitu maishani mwake. Pale mlangoni hukuweza kumsikia. Uliona mkono, uliona kikombe kikienda kinywani mwake bila mimi kuonja, uliona amekunywa yote. Kesho yake kabla ya adhuhuri alifariki.

Mwavita alisikia. Najua alisikia, kwa maana aliweka bakuli la mchuzi chini kwa nguvu likamwagika. Lakini kwenye kilio, wanawake wamejaa uani, aliinuka akasema, "Mumuulize mwenyewe. Nani alimupa mama chai ya mwisho? Na aliionja?" Watu wote wakanigeukia. Nawe ukanigeukia, Zaina. Nilikuona. Kisha mmoja wa wazee wa ukoo wao akasema tumwachie Mungu, na mwingine nyuma akasema mtoto wa nyoka ni nyoka, akimaanisha mimi na kabila langu, na mambo yakaisha vile, yaani hayakuisha.

Mimi nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kubwa kuliko la mpapai. Ningesema nini? "Alinikataza mwenyewe"? Na shahidi wangu nani, maiti? Halafu ili nijitetee ingebidi niseme mbele ya mji mzima kwamba mama alikataa kijiko cha binti yake wa kumzaa akapokea kikombe cha mke wa mwanawe. Nilimtazama Mwavita, amelia hadi sauti imekauka, nikamhurumia. Nilimhurumia siku moja, na siku hiyo imenigharimu wewe.

Au si huruma. Najishuku hata mimi mwenyewe. Pengine nilipenda kubaki na lile neno peke yangu. "Usionje. Leta." Hakuna aliyewahi kuniambia neno zuri kama hilo, hata baba yako siku za uchumba. Na wakati mwingine namkasirikia marehemu, Mungu anisamehe. Alijua watu wa mji huu. Alijua binti yake amekaa pale. Angeniacha nionje tone moja tu, leo ningekuwa na mtoto anayekunywa chai yangu. Lakini yeye na madaha yake, alitaka kuondoka duniani akiwa amenionyesha kwamba ananiamini, na akanionyesha mbele ya mtu asiyefaa.

Nimeuliza nafsi yangu kama nikukataze kwenda. Nyumba nyingine ya ndugu huna kule, na kazi umeipata kwa jasho lako. Nenda. Sikuambii umwamini shangazi yako. Mimi simwamini, na kikulacho ki nguoni mwako. Ila chakula chake atakuonjea, nakuapia, kila sahani, kwa kuwa anataka uone tofauti yake na mimi. Kula. Usimwage. Halafu siku moja mkiwa wawili, muulize kwa sauti ya bibi yako, ile ndogo: "Shangazi, siku ile Bibi alifunika kikombe, alisema nini?" Usitazame mdomo wake. Tazama mikono. Mimi sikumuuliza bibi yako neno hata moja miaka yote ile. Nilimwaga tu, nikawa naongea na sisimizi. Kuuliza kungenitia aibu ya siku moja, na ningekuwa nimekunywa chai nzuri toka asubuhi ya kwanza.

Mwavuli wake nimeufunga kando ya begi lako. Mwavita aliutaka, nilimwambia umevunjika. Uongo huo nao niandikie. Ukifika, ufungue kabla hujashuka kwenye pikipiki, hata kama hakuna jua. Atautambua. Wewe shingo unayo, nimekutazama ukitembea, unakanyaga kama yeye.

Nasikia komeo la jirani, Mama Riziki anarudi kwa kuku wake. Barua nitaiweka juu ya begi, nami nitakwenda kukaa kwa mke wa imamu mpaka uwe umeimaliza. Usinifuate. Usinijibu leo.

Kesho asubuhi, kabla yule mcheka-ovyo hajaja, nitaweka chai mezani. Ya mchaichai, sukari nyingi, kwenye kile kikombe chenye ua jekundu. Sitaionja. Nitakuwekea tu kama mtoto wangu, halafu nitatoka uani nifagie, wala sitageuka kutazama.

Ukishindwa kuinywa sitakuuliza kitu, nitakubebea begi mpaka njiani na nitakuombea kama kawaida. Ila basi uimwage mbali, mwanangu, kwenye mchanga. Nisije nikawaona sisimizi.

Mama yako